Fundi Spana na Meno ya Chuma

Jina lake la kuzaliwa walilijua watu wa benki na marehemu mama yake. Wengine wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi mwenyewe, walimwita Spana, kwa sababu spana haikumtoka mfuko wa nyuma. Siku ya harusi ya shemeji yake alivaa suti, akachana nywele, akakaa meza ya mbele na wakwe zake kama mtu mwenye adabu zake. Alipoinuka kumpa mkono bwana harusi, chuma kikadondoka sakafuni, ngwa! Mkewe alimkata jicho ambalo hata leo akilikumbuka hujikuta anaweka kola sawa.

Alikuwa fundi wa cherehani katika kiwanda cha mashati. Usifikirie cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu barazani. Huu ulikuwa ukumbi mrefu wenye safu za mashine za umeme, na kila mashine ina mshonaji wake aliyeinama: huyu anatia kola, yule anapachika mfuko, mwenzake anaunga mkono, mpaka mwisho wa safu shati linatoka zima. Kelele zake zilikuwa kama mvua kubwa juu ya bati. Spana alipita katikati ya kelele hizo kama daktari anayepita wodini. Aliitambua mashine inayokohoa kabla mshonaji wake hajainua mkono kumwita. Aliinama, akasikiliza, akafungua kibao cha chini ya sindano, akapuliza vumbi la nyuzi, akakaza hapa, akalegeza pale, na mashine ikarudi kuimba.

Aliingia humo hana hata ndevu, ametoka shambani kwa kaka yake na begi moja la nguo. Alianza kwa kufagia. Fundi mkuu wa wakati huo akagundua kwamba huyu mfagiaji kila akiona mashine imefunguliwa husimamisha ufagio, akampa kopo la mafuta. Kutoka kopo la mafuta akafika kwenye bisibisi, kutoka bisibisi akafika kwenye spana, na hapo jina likamganda.

Miaka ikaenda. Akapata nyumba ya vyumba vitatu, mke muuguzi wa zahanati mwenye ulimi mwepesi, mtoto wa kiume aliyekuja kuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na binti wa mwisho ambaye sasa alikuwa chuo kikuu akisomea uchumi. Binti huyo alivaa miwani tangu darasa la kwanza na alibisha kila kitu, basi nyumbani wakamwita Profesa. Maisha hayakuwa ya anasa, lakini Spana alikuwa akilala usingizi, na mtu akimuuliza habari alijibu "nzuri" akimaanisha.

Mambo yalianza Jumapili moja mchana. Wameshakula, Spana amejinyoosha kwenye kochi, vifungo vya shati wazi, anaanza kusinzia. Profesa akaja na kompyuta yake, akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Baba, unajua umo kwenye tasnifu yangu?"

Usingizi ukamruka. "Mimi?"

"Wewe. Sura ya kwanza kabisa."

Spana akajiinua, akafunga vifungo. "Mama Profesa! Njoo usikie mambo. Nimeandikwa chuo kikuu!"

Mkewe akatoka jikoni na taulo mkononi, akaegemea mlango. Alimfahamu binti yake, kwa hiyo hakuwa na haraka ya kushangilia.

"Ni nadharia ya zamani kidogo," Profesa akaanza. "Walimu wengine wanasema imepitwa na wakati. Mimi nataka kuonyesha kwamba bado inaeleza nchi kama yetu zinavyoinuka. Inasema hivi: nchi maskini ni kama nyumba ya vyumba viwili. Kimoja ni shamba, kingine ni kiwanda. Chumba cha shamba watu wamejazana kuliko kazi iliyopo, hata ukiwatoa baadhi yao mavuno hayapungui. Hao ndio ziada. Kiwanda kinawachota kidogo kidogo kwa mshahara mdogo, maana nyuma ya kila anayeajiriwa wapo wengine getini wanasubiri. Mwenye kiwanda anapata faida, anaongeza mashine, anachota wengine. Inaendelea hivyo mpaka watu wa ziada wanakwisha shambani. Hapo ndipo mishahara inaanza kupanda, na nchi inakuwa imevuka."

"Imekaa vizuri," Spana akasema. "Na mimi niko wapi hapo?"

"Wewe ndiye ziada, Baba."

Mkewe akageuza uso dirishani, mabega yakaanza kumtikisika.

"Ziada," Spana akarudia polepole, kama mtu anayeonja dawa. "Mimi. Niliyekuwa naamka giza bado limetanda nikalime kile kipande cha juu cha kaka, mawe matupu. Mimi ndiye nilikuwa ziada, kama chumvi iliyozidi kwenye mboga."

"Si tusi, Baba. Ni istilahi."

"Istilahi ya baba yako!" akafoka, kisha akakumbuka baba mwenyewe ni nani.

Mkewe alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akakaa chini, na Profesa naye akacheka, na mwisho Spana mwenyewe mdomo ukamsaliti. Lakini neno lile lilimkaa kooni. Jumatatu alikwenda nalo kazini, akarudi nalo nyumbani. Mwishoni mwa wiki akasema, "Si unatakiwa kuwahoji wakulima? Twende kwa baba yako mkubwa. Tukamuulize yeye mwenye shamba."

Basi wakaenda, baba na binti, kwa basi la asubuhi.

Kaka yake alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyetumia maneno mawili pale linapotosha moja. Aliwakaribisha ukumbini, chai ikaletwa, salamu za ndugu wote zikaulizwa na kujibiwa. Mkewe alikuwa amekaa mlangoni na beseni, anapukuchua mahindi. Spana alivumilia mpaka kikombe kikafika nusu.

"Kaka, nikuulize jambo. Mwaka ule nilioondoka hapa, mavuno yalishuka?"

Kaka akatazama dari. Hakuwa mtu wa kumfurahisha mgeni kwa uongo. "Hapana."

"Hata kidogo?"

"Tulivuna kama kawaida. Ukumbuke tulikuwa vijana wanne tumesongamana kwenye shamba la kutosha wawili. Ulipoondoka ndiyo tukapata nafasi ya kupishana. Mahindi hata hayakujua."

Profesa vidole vikacheza kwenye kompyuta. Spana akashika tama. Alikuwa amesafiri njia nzima kuja kuambiwa kwamba mahindi hayakumjua.

Punje zikaacha kudondoka kwenye beseni.

"Mahindi hayakujua," akasema mke wa kaka yake. "Mgongo wangu ulijua. Kile kipande cha juu nani alikipalilia baada ya shemeji kuondoka? Hawa walikaa hapa hapa wakasema shamba halijapungukiwa. Halikupungukiwa kwa sababu nilipalilia mimi, mtoto mgongoni, nikirudi bado sufuria zinanisubiri. Andika na hilo, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu ya dukani. Kaka akaweka kikombe chini.

"Ni kweli," akasema. "Na sikuwahi kulisema."

Profesa aliinua vidole juu ya herufi. "Mama Mkubwa, hili kitabuni halimo."

"Basi litie."

Spana alihisi mambo mawili kwa pamoja, faraja na haya, na hakujua ashike lipi. "Shemeji, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Bati la nyumba hii si ulileta wewe? Ungebaki, leo tungekuwa tunavujiwa wote kwa pamoja." Na punje zikaanza tena kudondoka.

Baada ya hapo maneno yakafunguka. Kaka alisema habari ya watu kujazana ni ya zamani. Siku hizi kumpata mtu wa kupalilia ilikuwa kazi ya kubembeleza. Msimu uliopita kibarua alimtajia malipo yake, Kaka akacheka, kibarua akabeba jembe akaondoka. Kesho yake Kaka mwenyewe akamfuata nyumbani kwake, kofia mkononi. Sasa kwa kulima alikodi trekta, na kile kipande cha mawe alikiachia nyasi za ng'ombe.

"Na watoto wako, Baba Mkubwa?" Profesa akauliza. "Wote wako viwandani?"

"Mmoja yuko kiwanda cha viatu. Wawili wanauza makava ya simu barabarani, na wanaongea kuliko redio."

Profesa akasonya. "Hapo ndipo mwalimu wangu ananibana. Nadharia ilidhani kila anayetoka shambani ataangukia kiwandani. Wengi wanaangukia barabarani."

Njiani kurudi, Spana alikaa upande wa dirisha. Hakuwa amenuna tena. Alikuwa anafikiri.

"Kwa hiyo tunavuka," akasema.

"Nadhani ndiyo, Baba. Ukimwona Baba Mkubwa anamfuata kibarua, ujue watu wa ziada wanakwisha."

"Na tukishavuka?"

"Hapo nadharia inanyamaza. Kuna nchi zinazoendelea kupanda. Nyingine zinakwama hapo hapo. Mishahara imeshakuwa mikubwa kwa kazi rahisi, na kazi ngumu bado hawajajifunza."

Spana aligeukia dirisha.

Hazikupita wiki nyingi, jambo lile lile likaja kiwandani kwa miguu yake. Mkurugenzi aliwaita wote kwenye bwalo la chakula. Wafanyakazi walimwita Bosi Meli, ingawa si mbele yake, kwa kuwa ukimwomba kitu chochote, iwe sindano, iwe feni, iwe taa ya chooni, jibu lake lilikuwa "meli haijafika." Siku hiyo hakutaja meli.

"Washonaji wananikimbia," akasema. "Kiwanda cha viatu ng'ambo ya barabara kinawapa zaidi. Nikipandisha, nao wanapandisha. Na wanunuzi wangu hawataki kusikia bei mpya. Ndugu zangu, sitawaficha. Nafikiria kuhamishia mashati haya nchi nyingine, ambako watu bado wanapanga foleni getini."

Watu walitoka bwaloni wakinong'onezana. Mshonaji mmoja wa makamo, Mama Kola, ambaye maisha yake yote alishona kola tu, alimshika Spana mkono. "Fundi, wewe una ufundi, utaokoka. Mimi nje ya kola najua nini?"

Spana alikwenda nyuma ya ukumbi kutuliza kichwa, na huko akajikuta mbele ya safu ya mashine zilizofunikwa nailoni. Hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinasubiri meno, yale meno madogo ya chuma yanayochungulia chini ya sindano na kusukuma kitambaa mbele. Yakiisha makali, kitambaa hakiendi. Na meno yaliagizwa ng'ambo, yakaja yakipenda. Alikuwa amepita mbele ya mashine hizo kila siku, na kila siku alisema kimoyomoyo, meli haijafika. Safari hii alisimama. Akafungua moja, akalitoa jino lililolika, akaligeuza mwangani. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kama kibiriti.

Jioni alimpigia binti yake. "Profesa, ile nadharia yako ina kaka?"

"Ina ukoo mzima. Kwa nini?"

Akamweleza habari ya meno. Sauti ya Profesa ikapanda kama ya mtu aliyeokota kitu. "Baba, kuna waliosema kiwanda kimoja kikisimama vizuri kinaita vingine. Nyuma yake wanaokiuzia, mbele yake wanaonunua kwake. Sisi tumeshona miaka yote hii, lakini uzi, zipu, vifungo na spea vinatoka nje. Kila kinachotoka nje ni nafasi iliyo wazi."

"Wazi kwa nani?"

"Kwa mtu anayeijua mashine."

Mkewe aliposikia kwamba mume wake anataka kuacha kazi akachonge meno, alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayekataa sindano. "Ukiacha kazi, tutakula istilahi?"

Lakini hakuwa mtu wa kusema na kuondoka. Alizunguka nyumba, akakunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa, akarudi. "Tangu unioe unanieleza kila jioni mashine ipi inakohoa. Angalau sasa ulipwe kwa kelele hizo. Nenda. Mshahara wangu utaishika nyumba."

Spana alichonga jino moja kwa tupa na msumeno, akiwa uani kwake, akalipeleka mezani kwa Bosi Meli.

Bosi alilipima kwa macho. "Litadumu?"

"La kwanza hili, sina hakika."

"Na bei?"

"Mwanzoni litakuwa ghali kuliko la meli."

Bosi akacheka mpaka kiti kikalia. "Spana! Unakuja kuniuzia kitu kibovu kwa bei kubwa?"

"Nakuja kukuuzia kitu ambacho hutakisubiri."

Kicheko kikakatika. Bosi alisimama dirishani, akaangalia ukumbi wake, na zile nailoni nyuma. Alipogeuka alikuwa mfanyabiashara tena. "Nakupa mwaka mmoja. Nitanunua kwako hata kama lina kasoro. Mwaka ukiisha, lako lisipofikia la meli kwa uimara na kwa bei, kila mtu ashike njia yake. Na usije hapa kunililia."

Profesa alipoambiwa, alipiga kelele kwenye simu hadi wenzake bwenini wakamuuliza nani kaposwa. "Hivyo hivyo ndivyo walivyofanya walioinuka, Baba! Walilea viwanda vichanga, lakini kwa masharti. Walioshindwa ni wale waliolea bila kuweka siku ya kuachisha ziwa."

"Kwa hiyo mimi sasa ni mtoto mchanga," Spana akasema. "Haya. Kila sura unanipa jina jipya."

Alipanga chumba nyuma ya gereji ya magari, chenye sakafu ya saruji na mlango mmoja. Shule ya ufundi iliyokuwa inaleta mashine mpya ikamuuzia mbili za zamani, moja ya kukereza chuma na moja ya kuchonga. Pamoja na mashine, mwalimu wa shule akamsifia mwanafunzi wake mmoja aliyehitimu, msichana mnene, mpole, ambaye alipima kila kitu kwa kalipa yake, kile chombo cha taya mbili cha kupimia unene, kabla hajakiamini. Alipima vyuma, akapima unene wa meza, na siku ya kwanza akapima andazi alilonunua asubuhi, akamrudia muuzaji. Spana akamwita Kalipa, naye hakuona ubaya.

Meno ya mwanzo yalipendeza sana. Yaling'aa, yalikaa kwenye mashine kama yamezaliwa humo. Baada ya siku chache tu za kazi yakalika yakawa laini kama kijiko. Spana akasema chuma kilikuwa laini mno. Awamu ya pili wakakipasha moto mpaka kikawa chekundu, wakakitumbukiza kwenye mafuta, kikatoka kigumu hasa. Safari hii meno hayakulika. Yalivunjika. Vipande vikaingia kwenye vitambaa, mashati yakachanika mgongoni, na msimamizi wa safu akaja mwenyewe karakana amebeba shati moja kama mtu aliyebeba panya.

"Fundi, hii ni nini?"

Spana aliomba radhi, akakaa juu ya debe, moyo umemfia. Alizijua mashine, lakini chuma chenyewe hakukijua. Alikuwa amekutana nacho kikiwa tayari kimetengenezwa, kama mtu anayemjua bibi harusi bila kuujua ukoo wake.

"Tulikosea wapi?" akamuuliza Kalipa.

"Tulikigumisha, lakini hatukukirudisha, Fundi. Shuleni tulifundishwa, ukishakipoza unakipasha tena moto mdogo, kinapoteza ugumu kidogo. Hakiliki na hakivunjiki."

"Mbona hukusema?"

"Uliniambia unajua."

Ni kweli Spana alisema hivyo. Alikuwa amezoea kuwa mtu anayejua. Akainuka kwenye debe. "Kuanzia leo, nikisema najua, niulize najuaje."

Haikuwa rahisi hata hapo. Kukirudisha chuma kulitaka jicho. Rangi ya juu ya chuma inabadilika ikienda na moto, na wao walitaka ile ya majani makavu, si kabla, si baada. Jiko lao lilikuwa la kubahatisha. Kalipa alirudi shuleni kwa mwalimu wake, akaja na maelekezo ya kujenga jiko lenye kipima joto, na mwalimu mwenyewe akaja siku moja kuwaonyesha, akanywa soda yake, akakataa malipo. Kidogo kidogo meno yakaanza kudumu. Yaliyodumu wiki yakadumu mwezi, na kisha yakadumu mpaka washonaji wakasahau kuyasema. Na kadiri walivyochonga mengi, ndivyo kila moja lilivyotoka kwa gharama ndogo.

Siku mwaka ulipotimia, Spana alivaa shati safi, akaiacha spana nyumbani kwa hiari yake, akaenda kwa Bosi Meli roho juu.

"Shikamoo, Bosi. Nimekuja kwa habari ya ule mwaka."

"Mwaka gani?"

"Ule ulionipa."

Bosi akakunja uso, akakumbuka, akaangua kicheko. "Kumbe umeisha? Mimi nilikuwa nataka kukutumia mtu, oda ya mwezi ujao iongezwe. Na unaweza kutuchongea vile vishikizo vya sindano? Vya meli vinanitesa."

Spana alitoka pale miguu haigusi chini. Ukumbini alipita kwenye ile safu ya nyuma, akaona mashine zote ziko wazi na zinapiga kelele. Akasimama tu kuzisikiliza.

Nisiseme kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Mashati ya bei rahisi Bosi aliyahamisha kweli, kama alivyosema. Kiwanda kikabaki na majaketi na sare za kazi, vitu vyenye mshono mgumu na bei nzuri. Washonaji wengi walijifunza, wengine wakavuka barabara kwenda kwenye viatu, na wachache walikwama. Mama Kola alijaribu jaketi, macho yakamkatalia. Spana alimkuta amekaa nje ya geti, kipochi mapajani, akamwambia aje karakana ajaribu kukagua meno. Vidole vilivyopapasa kola miaka yote vilihisi ukwaruzo ambao hata kalipa haikuuona, naye akapewa kiti chake karibu na dirisha.

Kilichowashangaza wote kilitokea baadaye. Kule mashati yalikohamia, mashine zilikuwa za aina ile ile, na meno yakalika vile vile. Bosi Meli akapiga simu. "Spana, ule mzigo wako, unaweza kufungwa vizuri kwa safari?" Mtoto wa Spana, yule dereva wa malori, ndiye aliyepakia boksi la kwanza kwenye lori lake. Mama yake akalipiga picha kama mjukuu.

Profesa alipitishwa kwa alama nzuri, ingawa mwalimu wake alimbana juu ya wauza makava ya simu, na akabanika. Maneno ya Mama Mkubwa yalikuwa na ukurasa wake. Sasa Profesa alikuwa ameajiriwa katika taasisi ya utafiti, lakini Jumapili alikuja nyumbani. Jumapili moja alimkuta baba yake amevimba.

"Vijana wa siku hizi!" Spana akalalamika. "Kalipa kaniambia kiwanda cha viatu kinamtaka, kwa mshahara mkubwa. Nimemlea mimi! Sasa nikimpandishia yeye, na vijana wengine wa karakana watadai. Hivi hawa watu wanadhani hela naokota?"

Profesa alimtazama mama yake. Mama yake akamtazama Profesa.

"Mnacheka nini?"

"Hakuna, Baba. Ila umeongea kama Bosi Meli, sauti mpaka mikono."

Spana akavuta kikombe chake cha chai. Mkewe akamwambia bila kugeuka, "Yule msichana ndiye anayekijua chuma. Usijifanye umesahau." Jumatatu asubuhi akamwita Kalipa nje, mbali na wengine, akampandishia mshahara, na juu yake akamwambia kwamba mashine mpya itakayonunuliwa ataichagua yeye, na atapata fungu katika faida ya mashine hiyo.

Kalipa alifikiri kidogo. "Ya aina gani?"

"Wewe ndiye unayechagua."

"Basi nitahitaji kupima chumba," akasema, na tayari kalipa ilikuwa mkononi, ingawa kwa chumba ilifaa futi.

Alipima chumba, akasahau mlango. Mashine ilipokuja juu ya lori, wapakuaji waliisukuma mpaka kizingitini ikagoma. Wakaigeuza, ikagoma. Mwenye gereji akatoka, Mama Kola akatoka, muuza soda akaja kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Kalipa alisimama ameshika mdomo, aibu imemjaa. Spana alizunguka lile lidude, akaupiga ukuta kwa kiganja, akausikiliza.

"Tofali tupu hili," akasema. "Nileteeni nyundo."

Mkewe alipofika na chupa ya chai akitoka zamu, alimkuta amefunikwa vumbi jeupe mpaka kope, anavunja ukuta wa watu kwa ruhusa ya mwenyewe, na anapiga mluzi. Akamimina chai, akaiweka juu ya boksi, akarudi nyuma hatua chache kulinda sare yake.

"Sogeza kushoto kidogo," akamwambia. "Hapo hautapita hata mguu wake mmoja."

Spana akasogeza kushoto, akapiga tena.